Pedali Iliyonuka Mawese

Mwezi uliopita mtu aliniletea pedali ya gitaa ya dukani, nyekundu, inang'aa kama pipi, akasema haitoi sauti. Niliifungua hapo hapo mezani, nikaunga waya uliokatika, nikamrudishia kabla hajamaliza soda yake. Alipoondoka nilibaki nimekaa tu. Mteja mwingine alikuwa ananiongelesha habari za simu yake iliyoingia maji, wala sikumsikia. Nilikuwa namkumbuka baba. Baba hayupo tena, na pedali pekee niliyowahi kuiunda mwenyewe maishani nilimuundia yeye. Ile haikuwa nyekundu wala haikung'aa. Ilinuka mawese.

Niseme kwanza pedali ni kitu gani, maana hata wateja wangu wengi hawajawahi kuiona. Ni kasanduku kanakokaa chini, mbele ya miguu ya mpiga gitaa. Waya kutoka kwenye gitaa unaingia upande mmoja, mwingine unatoka upande wa pili kwenda kwenye spika, na katikati kuna swichi ya kukanyaga. Zipo pedali za kukwaruza sauti, za kuitetemesha, za kuipa mwangwi kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Yangu haikuwa na ujanja wowote. Iliichukua sauti ya gitaa jinsi ilivyo, ikaikuza, basi. Kizuri kinakuwa kikubwa, na kibaya nacho kinakuwa kikubwa. Hilo la pili sikulitilia maanani wakati ule.

Baba alikuwa mvuvi upande wa Congo kabla hatujavuka ziwa kuja Rumonge, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Huku hakurudi majini. Alikuwa akishona nyavu za watu wengine, amekaa kwenye mchanga, uzi wa nailoni ukimkata vidole kutwa nzima, na jioni vidole vile vile vilishika gitaa. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, mtindo wa wazee wa kwao. Vijana wa siku hizi wanapiga kwa kile kidude cha plastiki wanachokiita mediatori. Baba alikuwa akikiona anacheka. "Hiyo ni kuosha mutoto na glavu," alikuwa akisema.

Katika kanisa letu, ambalo nusu yake ni watu waliovuka ziwa kama sisi, yeye ndiye aliyekuwa mpiga solo wa korali, yaani kwaya, tangu nilipojua maana ya neno korali. Wimbo ukifika ile sehemu ya kuchangamka, sebene, waimbaji wananyamaza na gitaa la solo linapanda juu peke yake. Nikiwa msichana niliwaringia wenzangu kwa sababu ya dakika zile. Wengine baba zao walikuwa na baiskeli, na mmoja baba yake alikuwa na duka, lakini hakuna aliyekuwa na baba anayefanya kanisa zima lisimame.

Kisha vikaja vinanda, ikaja drumu kubwa, zikaja spika mbili ndefu kuliko mchungaji. Vidole vya baba navyo vikazeeka. Polepole sebene ikawa ya drumu na kinanda, na baba akawa mtu anayeonekana akitikisa mkono. Aliyekaa benchi la mbele alimsikia kidogo, na aliyekaa nyuma alimwona tu. Kila Jumapili nilirudi nyumbani na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Siku moja kiongozi wa korali, ambaye wote tulimwita maestro, alikuja kwenye meza yangu ya ufundi karibu na soko. Ni mtu mpole, mwenye adabu zake, na alikuwa ameshika simu ambayo niliona wazi kuwa ni nzima.

"Amahoro, dada."

"Amahoro, maestro. Simu iko na nini?"

"Simu haina kitu." Akaiweka mfukoni. "Nakuja juu ya papa yako. Papa anapiga muzuri, nani atakataa? Lakini hasikiki. Tumeona, baada ya sikukuu ya Gitaza, apumzike kidogo. Kuna kijana atachukua solo. Sasa tulisema wewe, juu uko mutoto wake, umwambie polepole."

Mama alikuwa akisema nilizaliwa na pilipili mdomoni, na siku ile niliitumia.

"Miye nimwambie? Tafuta mdomo ingine, maestro. Huu wangu unakulia ugali wa papa."

Alivumilia. Ndiyo ubaya wa watu wapole, huwezi hata kugombana nao ukashiba. Nilipomaliza kubwata nikamuuliza, na kama akisikika?

"Akisikika, nani atamugusa?" alijibu. "Kiti ni chake."

Basi nikajua la kufanya, au nilidhani najua. Sikumwambia baba neno. Sikukuu ya Gitaza ilikuwa bado wiki kadhaa mbele. Kila mwaka korali za mwambao, kutoka huku kwetu hadi karibu na Bujumbura, zinakusanyika pale kuimba. Nilijiambia kwamba hapo atasikika, wapende wasipende.

Mchoro niliupata kwenye simu. Ulikuwa mdogo kiasi cha kunichekesha, transista moja na vikorokoro vichache vya kuizunguka. Mimi nimezoea simu, ambazo vifaa vyake unavitafuta kwa kioo cha kukuzia na kuvishika kwa koleo ndogo huku umebana pumzi. Hivi vya redio vilikuwa vinene, nilijiona kama napanga mawe ya jikoni. Nyuma ya meza yangu nilikuwa na gunia la redio ambazo wenyewe walizileta wakazisusa. Moja ikanipa transista, nyingine ikanipa kile kitufe cha kuzungusha sauti. Matundu ya kuchomekea waya niliyanyofoa kwenye mashine ya zamani ya maikrofoni iliyokufa. Swichi ilinisumbua, maana swichi za kukanyagwa hazipo Rumonge. Mwishowe nikatoa ile ya kuwashia ya televisheni yenye mgongo, inayolia ta! ukiibonyeza.

Likabaki sanduku. Lazima liwe la chuma, ili sauti za hewani zisiingie. Nikaenda kwa fundi bati, mzee mmoja wa mtaa wa Waswahili anayetengeneza faneli na vipimo vya wauza mawese. Nilimweleza kazi yenyewe, akafurahi kwamba ni ya gitaa la baba. Alikata bati, akakunja, akapiga riveti ndogo ndogo pembeni, akanikabidhi kesho yake. Lilikuwa zuri mno. Lilikuwa pia linateleza kama samaki.

"Nililipaka mawese ndani na inje," alisema kwa fahari. "Hapa karibu na ziwa bati inakulwa na kutu mbiombio. Hii yako haitakulwa."

Ndivyo wanavyofanya kwetu. Bati, panga, bawaba za mlango, vyote vinapakwa mawese, na yule mzee alikuwa amenifanyia hisani, alipaka kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta. Nikamshukuru kwa moyo wote. Sikukumbuka kwamba umeme haupendi hisani za namna hiyo.

Nilipanga vitu vyangu ndani, nikalehemu. Waya mmoja unatakiwa ushikamane na sanduku lenyewe, na huo ulikataa kabisa. Risasi ya kulehemu ilikuwa inajikunja na kudondoka, moshi unapanda wenye harufu ya maharage yanayokaangwa, hadi jirani yangu wa vitenge akauliza leo nimepika nini. Nikaubana kwa skrubu, nikaona yatosha. Jumamosi nikaipeleka nyumbani, tukachomeka gitaa na kile kispika kidogo cha baba. Nikabonyeza.

Kwanza ulikuja mngurumo, kama lori linalopanda mlima. Halafu, chini ya mngurumo, tukasikia mwanamume akisoma habari kwa Kirundi, taratibu, bila wasiwasi.

Baba aliinamisha sikio. Akasikiliza mpaka habari moja ikaisha.

"Murakoze, mama," alinishukuru. Mama ndivyo alivyoniita siku zote. "Umenitengenezea radio."

Alicheka hadi akaweka gitaa chini. Mimi sikucheka. Nilirudi mezani na hasira zangu, nikang'oa kila kitu, nikalisugua lile sanduku kwa jivu na ndimu, kisha kwa msasa, hadi bati likawa jeupe na vidole vyangu vikachubuka. Risasi ikashika. Mngurumo ukafa, msoma habari akaenda zake. Harufu ya mawese ndiyo iliyobaki, ilikuwa imeingia kwenye mikunjo. Fundi bati sikumwambia hadi leo, na kila tukikutana ananiuliza kama kuna kutu.

Safari hii nilipobonyeza, baba alipiga uzi mmoja tu, kisha akatulia. Uzi ule ulijaza chumba. Sauti ilikuwa ile ile yake, ya kidole, laini, yenye nyama, ila sasa ilikuwa na kifua. Akaniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali asipotarajia. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata cheti changu cha ufundi.

Ndipo ukaja ukaidi. Nilimwekea pedali chini, mbele ya mguu wa kulia.

"Unakanyaga hapa, papa, sebene ikianza. Ikiisha unakanyaga tena."

Aliangalia pedali. Aliangalia kiatu chake.

"Kitu mutoto wangu ametengeneza na mikono, miye nikikanyage?"

"Papa, iko ya kukanyaga. Dunia nzima wanaikanyaga."

"Dunia nzima watoto wao hawakuitengeneza."

"Basi toa kiatu."

Akatoa kiatu. Akainua mguu, ukabaki hewani kama wa kuku aliyesita kwenye tope, kisha akaurudisha pembeni. Alisema hawezi, mguu wenyewe unakataa. Kwao, alisema, hata sahani uliyopewa na mtoto wako huivuki kwa mguu, unaiinua unaiweka kando. Nilimwambia kwao ni ng'ambo, hapa ni Rumonge. Akasema mguu wake haujui hilo.

Nikaiweka juu ya kigoda ili abonyeze kwa mkono. Lakini mkono wa kubonyeza ndio ule ule wa kupiga, na kila sebene ikawa inaanza na shimo, kama jino lililong'oka. Tulijaribu kiwiko. Tulijaribu goti. Tulifika mahali tukaanza kupigiana kelele, mimi na yeye, kwa habari ya kiungo gani cha mwili kina heshima ya kutosha.

"Nitabonyeza miye!" nikafoka mwishowe. Nilisema kwa hasira tu.

Akarudisha kiatu mguuni. "Hiyo inaweza," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyoingia korali, mimi nisiyeweza kuimba hata nyimbo za kubembelezea mtoto. Kila mazoezi nilikaa kwenye kigoda kando ya kiti cha baba, sanduku kwenye mapaja, kidole kwenye swichi. Kwenye mazoezi tulitumia kile kispika cha baba, na Jumapili pedali ilibaki nyumbani, akiba ya Gitaza. Waimbaji wa kike walinicheka. "Huyu njo anapiga gitaa, papa anamusaidia tu," walisema. Maestro alinikunjia uso siku ya kwanza, akasikia sebene, akakunjua.

Nikiulizwa leo ni kitu gani ninachokitamani katika yote yaliyopita, sitataja ujana. Nitataja alasiri zile za mazoezi. Nilikuwa nimemsikiliza baba tangu tumboni, na kumbe sikuwahi kumsikiliza. Ili nibonyeze kwa wakati ilinibidi nimjue. Nilijifunza kwamba kabla ya kupanda anavuta pumzi kwa pua. Nilijifunza kwamba kuna mteremko mmoja wa nyuzi, karibu na mwisho wa sebene, ambao anaushuka kila mara kwa namna ile ile, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Nilikuwa nausubiri. Ukipita, tulikuwa tunaangaliana, naye ananikonyeza. Harufu ya mawese inapanda kutoka mapajani mwangu, mlango wa kanisa uko wazi, pikipiki zinapita barabarani, na baba yangu ananikonyeza. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na furaha kiasi kile akiwa ameshika swichi ya televisheni.

Gitaza walikuwa wamefunga turubai na kusimamisha spika ndefu karibu na ufuko, hatua chache kutoka vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wa huku kwetu. Upepo ukigeuka, harufu ya samaki ilituingia sote, wenyeji na wageni, wenye tai na wasio na tai. Korali tatu zilitutangulia. Zote zilikuwa na wapiga solo vijana, wenye mediatori, wenye kelele. Baba alikaa amevaa koti lake la kahawia, gitaa magotini, akiwasikiliza kwa heshima.

Zamu yetu ikafika. Wimbo ulianza, maestro akaupeleka vizuri, waimbaji wakanyamaza. Baba akavuta pumzi kwa pua. Nikabonyeza.

Nasema kweli, watu waligeuka. Hata wale waliokuwa nje wananunua karanga waligeuka. Sauti ya kidole kitupu ilitoka kwenye spika zile ikapita juu ya drumu, juu ya kinanda, ikaenda ziwani. Kina mama walipiga vigelegele, vitambaa vikapanda, mchungaji mgeni akatoka kwenye kiti chake akicheza. Maestro aliniangalia na kutikisa kichwa, kama mtu anayesema haya, umeshinda. Nilishindwa kujizuia kucheka.

Kisha ukaja ule mteremko, na ngazi moja haikuwepo.

Wengine hawakuweza kujua. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nauishi mteremko ule. Nikasema ni bahati mbaya. Aliuzunguka akaupanda tena, akashuka tena, na mahali pale pale kidole cha shahada kilifika kimechelewa, kikagusa uzi wa jirani. Kwenye spika zile ndefu, kosa lile lilikuwa kubwa kama nyumba. Kwenye mazoezi kispika chetu kililificha, na kabla ya pedali lilifichwa na drumu, sijui kwa miaka mingapi. Baba alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. Akauangalia mkono wake kama unavyomwangalia mtu uliyemzoea ambaye amekwambia jambo geni.

Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Nilitaka kuzima. Ukweli ni huo, nilitaka kumrudisha chini ya drumu, mahali ambapo hakuna mtu angejua, hata yeye. Nilianza kubonyeza, na baba akaniona. Akatikisa kichwa, mara moja, bila kuacha kupiga. Hapana.

Nikaacha. Akaushuka mteremko mara ya tatu, polepole zaidi, na pale penye pengo akapaacha pengo, wazi, kila mtu asikie. Kisha akamaliza wimbo.

Tulipotoka, maestro alitukimbilia akamshika baba mikono yote miwili.

"Papa! Kumbe! Hakuna mutu atakutoa kwenye kile kiti, miye nasema!"

"Murakoze, maestro," alisema baba. "Yule kijana wa solo, umutume kwangu nyumbani. Nimuonyeshe hizi nyimbo, achukue kiti."

Maestro alidhani ni mzaha. Mimi nilijua si mzaha. Nilimvuta baba pembeni, upande wa vichanja, na nikamwaga pilipili yote.

"Papa, hakuna mutu alisikia! Walikuwa wanacheza! Miye nilichubuka vidole nikitengeneza hii kitu ubaki, na leo, leo ambapo kila mutu anakutaka, njo unasema unaondoka?"

"Miye nilisikia," alisema.

Nikamwambia hajui niliyoyafanya. Hajui maestro alikuja kwangu kusema nini. Akatabasamu.

"Najua, mama. Korali nzima ilijua. Ni wewe tu ulifikiri iko siri." Akahamisha gitaa bega la pili. "Walitaka nitoke bila kunisikia. Hiyo njo ilikuwa inanikaba hapa. Sasa wamenisikia. Na miye nimejisikia. Hakuna mutu ananitoa. Nasimama mwenyewe."

Nilimuuliza kama inamuuma. Nilitaka aseme hapana, kama wazazi wanavyosema.

"Inauma," alisema. "Inauma sana."

Alisema hivyo akiniangalia usoni. Nikalia pale pale, mbele ya kina mama waliokuwa wanageuza ndagala, na baba hakuniambia ninyamaze.